"Nililia Dakika Mbili, Umeniliza Wiki Nzima": Hila za Wasimulizi wa Uchunguzi kwa Sauti



Shangazi yangu anaishi Masaki. Usishtuke. Ni Masaki ya Kisarawe, njia ya kwenda Maneromango, siyo ile ya Dar es Salaam ya mabalozi na kuta ndefu. Mwaka jana alinitamkia sentensi moja iliyonishinda kujibu papo hapo, nami nimeizungusha kichwani mpaka ikawa makala haya. Kisa chenyewe nitakileta baadaye. Kwanza tuelewane tunazungumzia nini.

Kijiweni kwetu Maili Moja, Kibaha, nyuma ya banda la fundi cherehani, tunakutana vijana sita kila Jumamosi jioni. Wote tunajiita waandishi, ingawa anayelipwa kwa kuandika hayupo hata mmoja. Zamani tulikuwa tukisomeana hadithi zetu na kuchambuana bila huruma. Siku hizi nusu ya muda tunasikiliza. Tunachanga bando, tunaitumbukiza simu kwenye kikombe cha bati ili sauti ikue, tunanyamaza. Kinachosikilizwa ni podikasti za uchunguzi: simulizi za kweli za mauaji, utapeli na watu waliopotea, zinazotoka sehemu kwa sehemu kama riwaya ya gazetini. Nyingi ni za Kiingereza. Mmoja wetu anatafsiri, mwingine anabishia tafsiri, na fundi cherehani anasimamisha mashine yake pale mambo yanapokolea.

Sasa kuna mwenzetu anayeshikilia kwamba hii siyo fasihi, ni habari tu zilizopakwa muziki. Mimi nasema ni fasihi kabisa. Ina msuko, ina wahusika, ina mandhari, ina nafsi inayosimulia, na ina taharuki ya kumkosesha mtu usingizi. Kwa hiyo tuna haki ya kuichambua fani na maudhui kama tunavyochambua riwaya. Tofauti ni moja tu, na ndiyo inayonisumbua: mhusika wa riwaya hana ndugu. Hawezi kukupigia simu kesho yake akulalamikie ulivyomchora. Mhusika wa podikasti anaweza, na akiwa amekufa, ndugu zake wanaweza.

WALA SI MGENI KWETU

Kabla hatujaenda Marekani, tukumbuke tulikotoka. Wapo wanaodhani kusimulia kwa sauti sehemu baada ya sehemu ni ugunduzi wa Wazungu wa juzi. Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa redio uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Mhusika wake maarufu alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye mapenzi kila kituo, na maradhi yakaja kumkuta. Ulikuwa mchezo wa kubuni, lakini mama yangu anasimulia jinsi watu walivyomtukana Mkwaju kama jirani aliyekula mkopo akahama. Jambo moja la kuvutia ni kwamba hadi mwaka 1995 kituo cha Dodoma hakikuurusha, makusudi, ili watafiti wapate kulinganisha waliosikia na wasiosikia. Yaani kuna watu walikwishapima nguvu ya sauti ndani ya nchi hii hii sisi wengine hatujazaliwa.

Na upelelezi je? Muhammed Said Abdulla alikwishatupa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960. Baadaye akaja Willy Gamba wa Elvis Musiba, akaja Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Tumelelewa na wapelelezi. Masikio yetu yalikwishafundishwa kudai jibu.

HILA YA KWANZA: "SIJUI"

Podikasti iliyofungua mlango ni Serial, iliyoanza Oktoba 2014 ikimalizika Desemba mwaka huo huo, sehemu 12. Msimulizi ni Sarah Koenig. Kesi ni ya Hae Min Lee, mwanafunzi wa sekondari wa eneo la Baltimore aliyeuawa Januari 1999. Aliyekuwa mpenzi wake, Adnan Syed, aliyekuwa na miaka 17 wakati wa tukio, alitiwa hatiani mwaka 2000 na kuhukumiwa kifungo cha maisha na miaka 30 juu yake.

Bwana Msa, kama wasomaji wake wanavyojua, anavuta kiko chake akiwa amekwishaona zaidi kuliko wenzake. Najum, rafiki yake, anashangaa kwa niaba yetu. Koenig amewaunganisha wote wawili ndani ya mtu mmoja: anapeleleza kama Msa lakini anashangaa kama Najum. Anatuambia wazi anapochanganyikiwa. Leo anamwamini Adnan, kesho hamwamini, keshokutwa anatueleza kwa nini amegeuka. Anapanda gari na mwenzake, wanaendesha kutoka shuleni mpaka kwenye duka lililotajwa mahakamani, saa mkononi, kupima kama mauaji yangewezekana ndani ya dakika 21, kati ya saa 8:15 mchana kengele ilipolia na saa 8:36 simu ilipopigwa. Wanaona inabana, ila inawezekana. Hawapati ushindi, na hawauongopi.

Hapo nampa heshima zote. Waandishi chipukizi tunaogopa sana kusema "sijui". Tukiandika tunajifanya tumeona kila kitu, hata moyo wa marehemu. Koenig anafundisha kwamba ujinga ukikiriwa kwa uaminifu unamvuta msomaji kuliko ujuzi wa kujifanya, maana msikilizaji naye hajui, basi mnatembea pamoja.

Lakini sauti ya "mimi" ina gharama. Ukihesabu, nani tunamsikia zaidi katika Serial? Koenig mwenyewe, halafu Adnan akipiga simu kutoka gerezani, kila simu ikianza na sauti ya mashine inayotangaza inatoka jela. Ukiisikia mara ya tano unaanza kuisubiri kama kibwagizo. Hae tunamfahamu kwa maneno ya wengine na kwa shajara yake iliyosomwa hewani. Shajara ya msichana, ndugu msomaji, aliyeandika akijua hakuna atakayesoma. Adnan ana pumzi, ana kicheko, ana nafasi ya kujitetea, na Hae amebaki karatasi. Sisemi Koenig alikusudia. Nasema fani ya sauti inampendelea aliye hai na anayekubali kuongea, na msimulizi asipoisahihisha mizani hiyo kwa makusudi, inalala upande mmoja yenyewe.

Yaliyofuata mahakamani yanathibitisha hofu hiyo. Septemba 2022 hukumu ilifutwa na Adnan akatoka. Kaka yake Hae aliarifiwa Ijumaa kwamba kesi inasikilizwa Jumatatu. Alizungumza kwa njia ya video, akaiambia mahakama kwamba kwake yeye hiyo siyo podikasti, ni maisha. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikairudisha hatia kwa sababu hakupewa taarifa ya kutosha, na Agosti 2024 Mahakama Kuu kabisa ya Maryland ikakubaliana nayo. Machi 2025 jaji akapunguza adhabu iwe muda aliokwishatumikia: Adnan yuko huru, hatia imebaki. Tazama kiini cha ugomvi wote ule. Aliyefiwa hakuambiwa mapema.

HILA YA PILI: "ITAENDELEA"

Hii tunaijua sana. Aliyekulia kwenye riwaya za magazetini anayajua maumivu ya kufika mstari wa mwisho, bastola imeinuliwa, halafu chini pameandikwa "Itaendelea". Kijiweni tunaita kukata utamu. Podikasti zimeichukua hila hiyo mzima mzima: sehemu inaisha mlango unapofunguliwa, muziki unapanda, tukutane wiki ijayo.

Ni hila mbaya? Hapana, inategemea imekatwa wapi. Chukua In the Dark, msimu wake wa pili wa mwaka 2018, uliosimuliwa na Madeleine Baran. Ni kesi ya Curtis Flowers wa Mississippi, mtu aliyeshtakiwa mara 6 kwa kosa lile lile. Mara sita! Wachunguzi walihamia katika mji ule mdogo wakaishi huko kwa miezi mingi, wakapekua makaratasi ya kesi za miaka mingi kuona mwendesha mashtaka alivyokuwa akiwaondoa weusi kwenye baraza la wazee wa mahakama. Taharuki yao inakaa kwenye maswali: bastola ilikwenda wapi? Shahidi aliyedai kusikia maungamo gerezani alisema kweli? Wanakata utamu pale karatasi inapopatikana, au pale shahidi anapogeuka. Juni 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitupa hukumu, na Septemba 2020 mashtaka yakafutwa kabisa. Ukisikiliza tena leo ukijua mwisho wake, bado inakushika, kwa sababu kilichokuwa kikikuvuta ni hoja.

Hapa ndipo ninapopata kipimo changu, na naomba tukitumie kijiweni: taharuki iwekwe kwenye swali, isiwekwe kwenye jeraha. Dakika 21 za Koenig ni swali. Shahidi aliyegeuka ni swali. Kilio cha mtu ni jeraha. Ukikata kwenye swali, msikilizaji anakwenda nyumbani akifikiri. Ukikata kwenye kilio, umemgeuza mtu kuwa chambo.

HILA YA TATU: SAUTI YA MAHALI

Kuna podikasti moja ya BBC ambayo kijiwe chetu kiliisikiliza kimya kuliko zote, The Missing Cryptoqueen ya mwaka 2019. Mwandishi Jamie Bartlett anamtafuta Ruja Ignatova, mwanamke aliyeuza "sarafu" ya mtandaoni iitwayo OneCoin dunia nzima. Juni 2016 alisimama jukwaani Wembley, London, akishangiliwa kama mwanamuziki. Oktoba 25, 2017 akapanda ndege kutoka Sofia kwenda Athens, akayeyuka. Mwaka 2022 FBI ikamweka kwenye orodha ya watu 10 wanaotafutwa zaidi.

Muda mwingi tunazunguka Ulaya, hoteli na majumba. Halafu ghafla tuko Uganda. Tunakutana na kijana aliyetaka kununua fungu la chini kabisa, fedha hazikutosha, akarudi kwao akauza mbuzi wake watatu. Baadaye akamshawishi na mama yake atoe akiba. Tunasikia pia jinsi mawakala walivyokuwa wakisubiri msimu wa mavuno ndipo waende vijijini, mkulima akiwa na fedha mkononi.

Mbuzi watatu! Fundi cherehani aliposikia hapo alisema, "Hiyo ni DECI." Kweli tupu. Nani kati yetu hakuwa na mjomba "aliyepanda mbegu" DECI, akisubiri kuvuna, mpaka Serikali ilipoifunga mwaka 2009? Lugha ni ile ile ya shamba: panda, subiri, vuna. Ghafla Ruja hakuwa tena malkia wa Ulaya, alikuwa mtu wa mtaa wa pili.

Hiyo ndiyo nguvu ya sauti ya mahali. Msimulizi wa magazeti angeandika "wahanga walikuwepo hata Afrika" akaendelea. Huyu ametupeleka, tumesikia sauti zao na mazingira yao, na ukubwa wa wizi tumeupima kwa mbuzi badala ya mabilioni. Kwa mawazo yangu, hiyo ndiyo sehemu bora ya kazi nzima, na lawama yangu ni kwamba baada yake tunarudi tena kumfukuza Ruja. Swali la "yuko wapi" linalisha taharuki vizuri. Swali la "nani alilipa" ndilo lenye uzito. Podikasti ililigusa la pili, kisha ikavutwa na la kwanza, kwa sababu la kwanza lina ndege na almasi.

SAUTI NZURI SIYO USHAHIDI

Nitoe onyo kwa wale wanaodhani sauti haidanganyi. Mwaka 2018 gazeti la New York Times lilitoa Caliphate, ikisimuliwa na Rukmini Callimachi. Ndani yake kijana wa Kanada anasimulia alivyojiunga na Dola ya Kiislamu huko Syria na alivyoua. Imetengenezwa vizuri ajabu: ukimya mahali pake, pumzi mahali pake, unasikia nywele zikisimama. Ikapata tuzo ya Peabody. Septemba 2020 polisi wa Kanada wakamshtaki kijana huyo kwa kutunga uongo, na Desemba gazeti likakiri kwamba halikujiridhisha vya kutosha. Tuzo ikarudishwa.

Funzo lake kwa fani ni kubwa. Sauti inayotetemeka tunaiamini kwa sababu tumezoea kwamba mwongo hatetemeki. Muziki ukiongezwa, imani inapanda tena. Msimulizi naye ana hamu: amepata mhusika wa ajabu, ataweza kumwacha? Mwandishi wa hadithi za kubuni akimpenda mhusika wake kupita kiasi anaharibu riwaya. Mchunguzi akifanya hivyo anaharibu ukweli.

KISA CHA SHANGAZI

Sasa nimefika. Baada ya kusikiliza yote hayo nikajiona fundi. Nikasema na sisi tuna kesi zetu, tena za Kiswahili.

Shangazi aliwahi kununua kiwanja Visiga, hapa Kibaha. Fedha alizipata kwa muhogo wa Masaki na mchezo wa upatu wa miaka mitatu. Akapewa karatasi ya mauziano yenye sahihi na dole gumba. Siku alipokwenda kusafisha alikuta msingi wa nyumba ya mtu mwingine mwenye karatasi kama yake. Kiwanja kimoja, wanunuzi wawili, dalali ameota mbawa. Kesi ya kawaida kabisa ya Kibaha, utaisikia kwenye kila daladala. Ndiyo maana niliipenda.

Nikaenda Masaki na simu. Kutoka Kibaha mpaka Kisarawe kwenye ramani ni hapo tu, lakini wenye nauli ya mawazo tunazungukia Mbezi na Gongo la Mboto. Nimefika jua linazama. Tukakaa chini ya mwembe, nikarekodi karibu saa mbili. Alipofika pale alipouona ule msingi, alilia. Sikumzuia wala sikuzima simu. Nikasikia moyoni kitu ambacho naona haya kukiandika: nilifurahi. Nilisema, hapa ndipo nitakapokata.

Nikahariri usiku tatu. Sehemu ya kwanza ilikuwa dakika 18. Ikaishia kwenye kilio, muziki ukapanda, nami nikasema kwa sauti nzito, "Wiki ijayo." Nikaitupa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Kijiwe kilinishangilia. Ndani ya siku mbili imefika Maneromango, imefika kwa watu nisiowajua. Nilijiona Koenig.

Wiki ile shangazi hakuweza kwenda gengeni kwa amani. Watu walikuja kumpa pole kama amefiwa. Wengine wakamshika mkono bila kusema kitu. Mwanamke mmoja anayedaiwa naye upatu akasema kumbe ndiyo maana hana kitu. Mimi sikujua, nilikuwa nahariri sehemu ya pili.

Aliponiita nilikwenda nikidhani anataka kunisifu. Akanikalisha pale pale chini ya mwembe.

"Baba," akasema, "ile siku mimi nililia dakika mbili. Nikafuta uso, nikakuambia mengine. Sivyo?"

"Ndivyo, shangazi."

"Wewe umeniliza wiki nzima."

We acha tu. Kwa sababu hayo mengine nayajua, nilikuwa nayo kwenye simu. Baada ya kulia, shangazi alicheka. Akaeleza kwamba alirudi Visiga na jembe, akapanda muhogo kuzunguka msingi wote wa yule mwenzake, msimu hadi msimu, mpaka jamaa akashindwa kupitisha tofali, akaja mwenyewe kuomba wazungumze. Shauri likaenda baraza la ardhi wakiwa wamekwishaelewana nusu. Wanunuzi wawili waliotapeliwa na mtu mmoja, sasa wanamtafuta dalali pamoja. Hiyo ndiyo hadithi! Mwanamke mwenye jembe. Mimi nikaiweka stoo kwa siku saba, nikatandaza machozi.

Kwenye hadithi zetu za jioni, fanani akisema "Paukwa", hadhira inajibu "Pakawa". Bibi yangu akiona mtoto ameogopa zimwi, alikuwa anamwambia hapo hapo, "Subiri, atakufa huyu." Hakumpeleka mtoto kulala na zimwi hai. Na mhusika wa kisa cha kweli, kama ni jirani, alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka, anaweza kudakia, "Usinizulie, haikuwa hivyo!" Podikasti imetupa masikio ya dunia nzima, lakini imeuondoa mkeka. Mhusika anasikia habari zake mwenyewe wakati mmoja na wageni.

HADITHI ISIYO NA WIKI IJAYO

Mtu atasema nimekuwa mlokole wa fani, sitaki taharuki. Siyo hivyo. Zipo hadithi ambazo "itaendelea" yake haikutiwa na mhariri.

Mkoa wetu wa Pwani una moja. Novemba 21, 2017 mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandikia Mwananchi kutoka Kibiti wakati wa mauaji ya eneo lile, aliondoka na hajaonekana tena. Mke wake aliwaeleza waandishi kwamba alikuwa shamba pale gari lilipofika, mumewe ndani yake, akamuuliza ufunguo wa nyumba umewekwa wapi, akasema anakwenda safari ya dharura. Julai 2019 Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Palamagamba Kabudi, akihojiwa na BBC alisema maneno yaliyoeleweka kwamba Azory amefariki, kisha akafafanua kuwa hakueleweka.

Ufunguo uko wapi. Hebu fikiria msimulizi hodari angelifanya nini na swali hilo, na fikiria angeliweza kuharibu kiasi gani kwa muziki wa sekunde kumi. Nasema siku itakayosimuliwa kwa sauti, kwa Kiswahili, na mtu wa huku huku anayejua umbali wa shamba na barabara, isihitaji hila yoyote. Taharuki imekwishakaa miaka mingi ndani ya nyumba ile.

Inawezekana kusimuliwa kwa lugha yetu. Kenya wamethubutu. Stoneface Bombaa, kijana wa Mathare, na mwandishi April Zhu walitengeneza Until Everyone Is Free, wakisimulia kwa Sheng maisha na kifo cha Pio Gama Pinto, aliyepigwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi Februari 24, 1965. Mtu mmoja, Kisilu Mutua, alifungwa kwa mauaji hayo akatoka mwaka 2001, miaka 36 baadaye, akisisitiza hakuua. Wangeweza kuifanya "nani alimuua Pinto" kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Wao wakauliza zaidi Pinto aliishi kwa ajili gani, na hilo linamhusu vipi kijana wa Mathare leo. Sheng yao mara nyingine ilitupita kushoto, lakini tulisikia kitu ambacho Kiingereza cha BBC hakiwezi kutupa: msimulizi anayeongea na watu wa hadithi yenyewe, siyo kuhusu watu hao kwa wageni.

NILIVYORUDI

Sehemu ya pili sikuitoa. Nilirudi Masaki na kazi nzima, safari hii nikakata Kiluvya kwa bodaboda kwa haraka ya mwenye hatia. Tukasikiliza pamoja mwanzo hadi mwisho. Alitaka vitu viwili vitoke, nikatoa. Kimoja nilikataa, kile anachomtaja dalali kwa maneno makali, kwa sababu nilisema bila yeye hakuna kisa. Tukabishana, tukakubali maneno yabaki, jina liondoke mpaka baraza litakaposema lake. Kilio alikiacha. "Si nililia kweli?" akasema. "Lakini kiishe."

Sasa ni simulizi moja ya dakika 41, haina wiki ijayo. Inaanza na sauti ya jembe. Kijiweni wameniambia imepoa, na mmoja akasema nimeogopa shangazi. Labda. Ila fundi cherehani aliisikiliza mpaka mwisho mashine ikiwa imezimwa, na ilipokwisha aliuliza swali moja: "Dalali amepatikana?"

Bado. Lakini hilo ndilo swali nililotaka aondoke nalo.

Wenzangu chipukizi, zibeni hila hizi, zote ni halali kuibwa. Semeni "sijui" bila aibu. Nendeni mahali penyewe mrekodi jembe na upepo. Kateni utamu mnapoweza. Ila kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, mwiteni mwenye kisa akae kwenye mkeka. Akidakia, mwacheni adakie.

Tukutane toleo lijalo.